Kamba Iliyomo Ndani ya Neno "Attention"

Neno la Kiingereza "attention" lina kamba ndani yake. Ukilifumua unakuta Kilatini: "ad", yaani kuelekea, na kitenzi "tendere", yaani kuvuta kitu mpaka kinyooke na kukaza. Ile d ya "ad" ilimezwa na t iliyofuata, ndiyo sababu leo tunaandika t mbili. Basi kabla halijawa neno la mwalimu anayegonga meza ili darasa linyamaze, lilikuwa neno la mtu anayevuta upinde, anayekaza turubai, anayenyoosha mkono kufuata kitu ambacho bado hajakifikia.

Warumi walikuwa na usemi mrefu zaidi: "animum attendere", kuivuta nafsi ielekee mahali. Kwa mazoea wakaiacha nafsi, kitenzi kikabaki peke yake kikibeba mzigo wote. Walikuwa pia na usemi wa pili wa jirani, "animum advertere", kuigeuza nafsi. Huu wa pili uliishia pabaya. Kwa tawi moja ulizaa neno la kukaripia na kuadhibu, maana hakimu akikugeuzia nafsi yake hana nia njema. Kwa tawi la pili kitenzi "advertere" kilizaa neno ambalo Waingereza hulitumia leo kwa tangazo la biashara. Tutalirudia hilo la tangazo.

Ukoo wa "tendere" ni mkubwa kuliko unavyofikiri, na sehemu yake imo vinywani mwetu bila sisi kujua. Hema kwa Kiingereza ni "tent", kitu kilichovutwa na kukazwa. Kano, ile inayounganisha msuli na mfupa, ni "tendon". Wagiriki walikuwa na kitenzi ndugu, "teinein", na kwao ndiko ilikotoka hipotenusi ya darasa la hesabu, yaani mstari unaonyooka chini ya pembe mraba. Toni ya muziki ilitoka huko pia, kwa kuwa sauti ya uzi hutegemea umevutwa kiasi gani. Pepopunda, ugonjwa unaokaza misuli mpaka mgongo unapinda, kitaalamu huitwa "tetanus" kwa sababu hiyo hiyo. Hata tenda ya ofisini, ile ya zabuni (isichanganywe na kitenzi chetu cha kutenda), ni mtoto wa mlango huo: ni mkono ulionyooshwa mbele na ofa ndani yake.

Mwanajeshi anayesikia amri ya "Attention!" analielewa neno vizuri kuliko mwanafunzi. Hatakiwi kufikiri chochote, anatakiwa kunyooka. Kiswahili cha gwaride kimekuwa mkweli kabisa katika hili: kimeiacha akili pembeni na kusema "Mguu sawa!"

Napenda sana jinsi neno hili lilivyoingia katika Kiingereza. Mwishoni mwa karne ya 14, Geoffrey Chaucer alikuwa anamtafsiri Boethius, Mrumi wa karne ya 6 aliyeandika falsafa yake kifungoni kabla ya kuuawa. Katika maandishi hayo Falsafa anamtembelea mfungwa kwa umbo la mwanamke. Anamsemesha, kisha anakaa kimya kidogo. Chaucer anaeleza kwamba kwa kimya hicho cha kiasi alikusanya "attencioun" ya mfungwa, ndipo akaanza kusema. Ni miongoni mwa mara za kwanza kabisa neno hili kuonekana katika Kiingereza, na kitenzi kilicholizunguka ni kukusanya. Hakuna aliyelipa kitu. Mwanamke amenyamaza tu, na kile kilichokuwa kimetawanyika kikajikusanya chenyewe kumwelekea.

Kiingereza hakikuwa na njaa ya neno. Kilikuwa nalo la kwake, "heed", la ukoo mmoja na kitenzi cha Kijerumani "hüten", kulinda au kuchunga. Hilo ni neno la mchungaji na la onyo: angalia usianguke, sikia la mkuu usije ukavunjika guu. Bado lipo, ila limezeeka na kukaa kwenye mahubiri na mabango ya hatari. Mgeni kutoka Kilatini alichukua nyumba kubwa. Nadhani alishinda kwa sababu alileta kitu ambacho "heed" haina: mwelekeo. Mlinzi anaangalia pande zote. Aliyevutwa anaelekea upande mmoja.

Sasa vuka uende Ufaransa. Mfaransa akikwambia "j'attends", hakwambii kwamba anakusikiliza. Anakwambia anangoja. Kitenzi ni kile kile, "attendere", ila kimepita njia nyingine. Kwa Mwitalia vilevile, "attendere" ni kungoja. Kwa Mhispania "atender" ni kumshughulikia mtu, na Mreno hutumia kitenzi hicho hicho akipokea simu. Pacha wake, "intendere", kwa Mfaransa amekuwa kusikia na kwa Mhispania amekuwa kuelewa. Kungoja, kuhudumia, kupokea, kusikia, kuelewa: vyote vimechipuka kwenye kisiki kimoja cha kuvuta.

Kiingereza nacho kiliwahi kuitumia "attend" kwa maana ya kungoja, na mabaki yake yapo. "Attendant" ni mhudumu, mtu anayekaa karibu na bwana wake akisubiri ishara. Lakini kitenzi chenyewe leo kimepungua mwili, au niseme kimebaki mwili tu. Ku-"attend" mkutano ni kuhudhuria, kuweka jina kwenye daftari la mahudhurio. Unaweza kuhudhuria mkutano mzima nafsi yako ikiwa mahali pengine kabisa, na daftari halitajua.

Uhusiano huu wa kuangalia na kungoja si wa Kilatini peke yake. Sisi tunatazama, kisha tunaongeza kiungo kimoja kidogo tu na kutazamia: macho yameacha kilichopo na kuelekea kitakachokuja. Nikikwambia natazamia barua yako, nimekwambia kwamba nimenyoosha shingo kwenye njia ambayo bado haina mtu. Kwa hiyo mjuzi wa Kiswahili hahitaji darasa refu ili aelewe Kifaransa kiliwezaje kutoka kwenye usikivu hadi kwenye kungoja.

Aliyefanya kazi kubwa kwenye mpaka huo ni Simone Weil, mwanafalsafa Mfaransa aliyefariki mwaka 1943 akiwa na miaka 34. Aliwahi kuwa mwalimu, na aliwaangalia wanafunzi kwa jicho kali. Ukiwaambia watoto wawe makini, aliandika, wanakunja paji la uso, wanazuia pumzi, wanakaza misuli. Waulize baada ya dakika mbili walikuwa makini na nini, hawana jibu. Walikuwa wakikaza misuli tu. Kwake yeye, umakini ni kusimamisha fikra zako, kuziacha tupu na tayari, ili kitu chenyewe kije na kupenya. Mtu hakirukii. Anakingoja. Weil aliandika kwa lugha ambayo "attention" na "attente", yaani kungoja, ni mtu na ndugu yake, na msomaji wa Kifaransa huusikia undugu huo sikioni kabla hajaufikiria.

Hapa mtu anaweza kunisimamisha: huyu Weil si anaipinga kamba yako? Kwa kiasi, ndiyo. Anapinga kukazana kwa misuli. Ila hajaacha kunyooka. Mtu anayengoja mgeni mlangoni hajalegea. Amenyooka kuelekea njia, ila hajamkamata mtu. Ule uzi wa ala ya muziki unatoa sauti kwa sababu umevutwa kiasi chake: ukiulegeza hausemi, ukiukaza mno unakatika. Weil alikuwa anawaonya waliokaza mno.

Lakini aliyeifikisha kamba hii mbali kuliko wote alitangulia kwa zaidi ya miaka 1500, na alikuwa mtu wa Afrika Kaskazini. Augustino alizaliwa mwaka 354 Thagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria, akafariki mwaka 430 akiwa askofu wa Hippo, mji ambao leo unaitwa Annaba. Katika kitabu chake cha Maungamo anajiuliza swali ambalo mpaka leo halijampata mtu wa kulimaliza: wakati ni nini? Yaliyopita hayapo tena, yajayo hayajawa, na sasa haina urefu. Mbona basi tunaupima wakati na kusema huu ulikuwa mrefu, ule ulikuwa mfupi?

Jibu lake linaanza na wimbo. Nataka kuimba zaburi ninayoijua kwa moyo, anasema. Kabla sijaanza, matarajio yangu yamenyooka juu ya zaburi nzima. Nikianza, kila ninachokitoa kwenye matarajio kinaingia kwenye kumbukumbu, na uhai wa tendo langu unavutwa pande mbili, kumbukumbu nyuma na matarajio mbele. Kati yake ipo "attentio" yangu, ambayo ndiyo ipo sasa, na kupitia hiyo yajayo yanavuka na kuwa yaliyopita. Kadiri ninavyoendelea, upande wa matarajio unafupika na upande wa kumbukumbu unarefuka, mpaka wimbo wote umehamia nyuma.

Yule aliyewahi kukariri kitu kirefu, iwe utenzi au sura ya kitabu kitakatifu, anaijua hali hii mwilini. Ulimi uko kwenye mshororo mmoja, lakini ubeti mzima upo, sehemu yake nyuma yako na sehemu mbele. Augustino akahitimisha kwamba wakati wenyewe ni "distentio" ya nafsi, mvutano unaoitanua pande zote mbili. Angalia alivyocheza na kitenzi kimoja. "Distentio" ni kuvutwa huku na huku. "Attentio" ni ule mvuto ulio hapa sasa. Na mbele kidogo, akiomba, anasema maisha yake yametawanyika katika mvutano, na anataka kunyooka, "extentus", kuelekea yaliyo mbele. Hajatafuta mifano mitatu tofauti. Amechukua kamba moja na kuivuta kwa namna tatu.

Kutoka hapo napata kile ninachotaka kusema juu ya neno hili. Ukilifuata asili yake, kinyume cha umakini si uvivu, si usingizi, wala si ujinga. Kinyume chake ni kuvutwa kwingine. Neno ambalo Waingereza wanalitumia kwa hali hiyo linathibitisha: "distraction" limetoka kwenye Kilatini "distrahere", kuvuta huku na huku mpaka kitu kiachane. Zamani lilimaanisha hata wazimu, na bado Mwingereza husema jambo limempeleka kwenye "distraction" akimaanisha kwamba amekaribia kurukwa na akili. Mtu wa namna hiyo hana upungufu wa mvuto. Anayo mivuto mingi kupita kiasi.

Sasa fedha. Kiingereza cha leo kinasema "pay attention", lipa. Lugha nyingine za karibu zinafanya mambo tofauti. Mhispania anaikopesha, "prestar atención". Mfaransa anaifanya, "faire attention", na mara nyingi maana yake ni kujihadhari. Mjerumani anaweza kuitoa zawadi, kwa kitenzi "schenken", kile cha kutunukiana vitu. Neno lake lenyewe, "Aufmerksamkeit", linatokana na kutia alama. Sishabikii sana mchezo wa kusoma tabia za mataifa ndani ya vitenzi vyao, maana Mhispania hadai umakini wake arudishiwe kwa riba. Hata hivyo kitenzi cha kulipa kimekuwa na maisha marefu na watu wamekiamini kupita kiasi.

Jambo la kuchekesha ni kwamba "pay" lenyewe halikuanza sokoni. Linatokana na "pacare", kutuliza, mtoto wa "pax", yaani amani. Kulipa kulikuwa kumtuliza mtu mwenye dai, kumpa kinachomfanya anyamaze. Katika Kiingereza cha zamani lilimaanisha pia kumridhisha mtu, hata pasipo fedha. Kwa hiyo ukilisoma "pay attention" kwa Kilatini cha chini yake, linatoka jambo la ajabu: mpe amani yule anayekudai usikivu. Mzazi mwenye mtoto anayemvuta nguo huku yeye anaongea na mtu mwingine anaelewa tafsiri hiyo mara moja.

Lakini fedha ilishinda. Tarehe 3 Septemba 1833, Benjamin Day alianzisha New York Sun na kuliuza kwa senti moja, wakati magazeti mengine ya mji huo yaliuzwa kwa senti 6. Senti moja haikutosha kulitengeneza gazeti. Tofauti ililipwa na wenye matangazo, na walichonunua ni macho ya wasomaji. Hapa ndipo ile "advertere" ya Warumi, kuigeuza nafsi ya mtu, ilipopata bei ya kudumu. Mwaka 1971 mchumi Herbert Simon aliliweka jambo hilo katika hoja ambayo imenukuliwa kila mahali tangu hapo: habari hula kitu, na kitu chenyewe ni umakini wa wanaozipokea, kwa hiyo wingi wa habari huzaa umaskini wa umakini. Ni hoja nzuri. Ila baada yake tulianza kujiona wenyewe kama pochi. Tunasema mtu ana umakini mwingi au kidogo, ameutumia wapi, ameupoteza kwa nani.

Pochi ina kasoro moja kubwa kama mfano: mwenye pochi yupo nje yake. Noti ikitoka mfukoni mwangu, mimi nimebaki nilivyokuwa. Kamba haimpi mtu nafasi hiyo. Ninapomsikiliza mtu aliyefiwa, siwezi kusema kwamba nimetoa kitu changu nikabaki hapa. Mimi ndiye niliyenyooshwa mpaka kule, na nikirudi nimechoka kwa namna ambayo mwenye kutoa noti hachoki.

Maabara, kwa maoni yangu, zimekuwa upande wa kamba. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la anga la Uingereza lilitaka kujua kwa nini waangalizi wa rada waliokuwa wakisaka nyambizi walizikosa ishara baada ya muda. Norman Mackworth, huko Cambridge, alitengeneza saa tupu yenye mshale uliosogea hatua moja moja. Mara chache, bila mpangilio, mshale uliruka hatua mbili, na mtazamaji alitakiwa kubonyeza kitufe. Zamu ilikuwa saa mbili. Matokeo, aliyoyachapisha mwaka 1948, yalionyesha kwamba nusu saa ya kwanza tu ilitosha kushusha uwezo wa kuuona ule mruko. Hakuna kilichowavuruga: hakuna kelele, hakuna kazi ya pili. Kamba iliyovutwa kuelekea mahali pasipo na kitu hulegea.

Mwaka 1953 Colin Cherry aliwavalisha watu visikilizio, akawapa ujumbe tofauti kila sikio, na kuwaambia warudie kwa sauti ujumbe wa sikio moja. Waliweza. La sikio la pili hawakuweza kulieleza. Hata lugha ilipobadilishwa upande huo kutoka Kiingereza kwenda Kijerumani, wengi hawakutambua. Waswahili walishasema mshika mawili moja humponyoka, lakini Cherry alionyesha kwamba lile lililoponyoka linaweza kuponyoka na lugha yake nzima. Mwaka 1959 Neville Moray aliongeza jambo dogo: jina lako mwenyewe likitajwa katika sikio lile lililopuuzwa, kama theluthi moja ya watu hulisikia. Yaani upande wa pili kulikuwa na uzi mwembamba bado, na jina ndilo lililouvuta.

Jaribio la gorila limesimuliwa mno, kwa hiyo nalipita haraka. Daniel Simons na Christopher Chabris, mwaka 1999, waliwataka watu wahesabu pasi za timu moja ya mpira kwenye video. Mtu aliyevaa vazi la gorila akaingia katikati, akajipiga kifua, akatoka. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona. Husimuliwa kama hadithi ya uzembe wetu. Mimi naiona kama hadithi ya watu waliofanya walichoombwa kwa ukamilifu.

Lugha nyingine zimekataa kabisa kuvuta, na ukizipitia unaona jinsi picha inavyoweza kuwa tofauti. Mchina humimina: "zhuyi" ni kuimimina nia mahali. Mrusi huchukua na kuingiza ndani, "vnimaniye". Myahudi huuweka moyo. Mwarabu huamka: "intibah" ni ya mzizi wa kuzinduka usingizini, na inadai kwamba muda wote kabla ya hapo ulikuwa umelala macho wazi. Mhindi hutoa "dhyan", neno la Kisanskriti la kutafakari lililosafiri na Ubudha hadi China likawa "chan", kisha Japani likawa "zen". Sijui neno jingine linaloishi kwenye onyo la mzazi na kwenye ukimya wa watawa kwa pasipoti ile ile.

Mturuki ndiye anayenifurahisha zaidi. Kwenye vibao vyake vya hatari ameandika "dikkat", na hilo ni neno la Kiarabu la wembamba na usahihi. Mzizi huo huo ndio uliotupa sisi dakika, sehemu nyembamba ya saa. Kwa hiyo Mturuki akisema angalia, anasema uwe mwembamba, uchonge ncha. Kilatini nacho kina "tenuis", nyembamba, kutoka kwenye mzizi ule ule wa kuvuta, maana kinachovutwa huwa chembamba. Kiarabu na Kilatini si ndugu, na hakuna aliyemkopa mwenzake hapa. Wamekutana tu njiani.

Na sisi? Neno letu la kila siku, makini, lilitoka kwenye Kiarabu cha uimara, kitu kilichosimama barabara mahali pake. Mpaka leo ukisema "yule ni mtu makini" unasifu utulivu wake na uzito wake, hata kama hakuna anachokitazama kwa wakati huo. Umakini wetu kwa asili ni wa mtu aliyetua. Hiyo ni picha iliyo kinyume kabisa na ya Kilatini: yule ananyooka atoke, huyu anakaa. Ndiyo sababu tafsiri ya "attention" kwa "umakini" huwa inakwama kidogo. Barua ya idara inayoomba "your kind attention" haiwezi kuomba umakini wako mwema. Inabidi ibadilike na kuomba uizingatie, au uitilie maanani.

Lakini tunao usemi mwingine ambao naona unasogea karibu zaidi na kamba: kutega sikio. Mtegaji naye hukaza uzi kisha hungoja, na Weil angempenda. Hata kitendawili hakianzi mpaka msikilizaji aseme "Tega!", yaani yeye mwenyewe anaagiza mtego atakaonaswa nao.

Nirudi kwenye pochi, kwa sababu kuna mahali imeingia ambapo naiona ina madhara. Mwaka 1980 mwongozo wa Marekani wa kuainisha matatizo ya akili ulianza kutumia jina la "attention deficit", yaani upungufu wa umakini, na toleo lililorekebishwa la mwaka 1987 likaongeza utukutu kwenye jina, likawa lile linalofupishwa ADHD. "Deficit" ni neno la mhasibu. Ni tofauti kati ya kilichohitajika na kilichomo kwenye sanduku. Hali yenyewe ni ya kweli na watu wanahangaika nayo, sibishani na hilo. Nabishana na mhasibu. Wengi walio na hali hiyo, watoto kwa wakubwa, wanaweza kuzama kwa saa nyingi kwenye jambo linalowavuta, wakasahau kula na wasisikie wakiitwa. Pochi tupu haiwezi kufanya hivyo. Kinachowashinda mara nyingi ni kuuelekeza mvuto: kuutoa ulikokamata, kuupeleka ulikotakiwa, na kuushikilia hapo wakati kuna mingine kumi inavuta. Nadhani Augustino, na "distentio" yake, angewaelewa kwa haraka kuliko aliyewachagulia jina.

Neno limepata kazi mpya katika miaka ya karibuni. Mwaka 2014 Dzmitry Bahdanau, Kyunghyun Cho na Yoshua Bengio walikuwa wanatafuta namna ya kuifanya kompyuta itafsiri sentensi ndefu bila kupoteza mwanzo wake. Suluhisho lao lilikuwa kuiacha programu, kwa kila neno inalotoa, irudi kwenye sentensi ya asili na kuamua ni maneno gani ya kuyapa uzito zaidi. Wakati wa kulitoa neno la mwisho, inaweza kulipa uzito mkubwa neno la kwanza. Njia hiyo ikaitwa "attention", na mwaka 2017 watafiti wa Google walijenga juu yake aina ya programu ambayo sasa ndiyo msingi wa mashine nyingi zinazoandika na kujibu maswali. Ndani yake, uzito wote ukijumlishwa ni 1. Neno moja likiongezewa, mengine lazima yapunguziwe.

Ni mgawanyo safi kabisa, wa mhasibu hasa. Haulegei baada ya nusu saa kama wale watazamaji wa Mackworth, na haujui kungoja: sentensi yote ya asili tayari imo mezani kabla hesabu haijaanza. Wahandisi walihitaji neno la kugawa uzito, wakachukua lililokuwa karibu, na "tendere" ikabaki nje.